Baba Ale Mchuzi, Mtoto Ale Nyama

Mtoto wa miezi minane anahitaji madini ya chuma mengi kwa siku kuliko baba yake. Sisemi mengi ukilinganisha na uzito wake. Nasema mengi kwa hesabu kavu ya miligramu. Viwango vya lishe vinavyotumika Marekani vinamtengea mtoto wa miezi 7 hadi 12 miligramu 11 za chuma kwa siku. Mwanamume mzima ametengewa 8. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji 18, na akishika ujauzito zinapanda hadi 27. Sasa ingia kwenye nyumba zetu siku ambayo nyama imepikwa, utazame kinachopakuliwa. Baba ana finyango nne. Kijana mkubwa wa kiume ana mbili. Mama anajipakulia mwisho, mfupa na kilichoganda kwenye sufuria. Mtoto wa miezi minane amemwagiwa mchuzi juu ya ugali uliopondwapondwa, na nyumba nzima inaridhika kwamba mtoto naye amekula nyama.

Hajala nyama. Amekula maji ambayo nyama ilichemkia.

Jambo hili linanikera kuliko mengi ninayoyaandika, kwa sababu si la umaskini peke yake. Umaskini ungekuwa ndiye mkosaji pekee, ningeinyooshea kidole serikali na kuweka kalamu chini. Lakini hapa nyama imenunuliwa, imepikwa, imeiva, ipo ndani ya sufuria. Inapotelea njiani, kati ya upawa na sahani.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ilikuwa asilimia 45. Utafiti wa 2022 ulionyesha udumavu umeshuka, na hilo ni la kushukuru, lakini bado watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kenya mwaka huohuo walikuwa 18. Na sisi ndio wenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, sisi ndio tunaojisifu kuwa wa pili Afrika baada ya Ethiopia! Najua upungufu wa damu una vyanzo vingi: malaria, safura, selimundu, mimba zinazofuatana bila mwili kupumzika. Anayetaka kunikumbusha hayo nimemtangulia. Chandarua ni lazima na dawa ya minyoo ni lazima. Lakini mtoto aliyetibiwa malaria na kurudishwa kwenye uji mtupu atatengeneza damu kwa kitu gani?

Kila bajeti ya mifugo inaposomwa Dodoma tunaambiwa Mtanzania anakula wastani wa kilo kama 15 za nyama kwa mwaka, na kwamba tunapaswa kupanda hadi 50. Namba hizi mbili zimekuwa kiitikio. Wastani! Mmoja akila kilo 30 na mwenzake asionje kabisa, wastani wao ni kilo 15 na makofi yatapigwa. Na hizo kilo 50 ni karibu kilo nzima kila wiki kwa kila kichwa. Atazila nani? Mgawanyo ukibaki ulivyo, tutaongeza ng'ombe machinjioni, tutaongeza majiko ya kuchomea kwenye mabaa, na mtoto ataendelea kumwagiwa mchuzi. Swali linalostahili kuulizwa bungeni ni nyama hiyo inaingia kinywani mwa nani.

Ushahidi upo, na haukutoka kwenye maabara ya panya huko mbali. Ulitoka Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kati ya 1998 na 2000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, wakiongozwa na daktari wa watoto Charlotte Neumann, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua shule 12 za msingi na watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza. Shule ziligawanywa katika makundi manne. La kwanza lilipewa githeri, ambayo sisi tunaiita makande, iliyochanganywa na nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ya wenzao. La nne halikupewa chakula shuleni. Familia za watoto hao zilipewa mbuzi mwishoni. Nyama yenyewe ilikuwa kidogo mno: gramu 60 kwa siku hapo mwanzo, baadaye 85. Gramu 60 ni zile finyango mbili ndogo ambazo muuza nyama anazitupia juu ya mzani ili kilo itimie.

Watoto wa nyama walijenga misuli ya mkono kuliko wenzao wote. Kwenye mtihani wa Raven, ule wa kukamilisha michoro ambao haumtaki mtoto ajue kusoma, waliwapita wenzao wote, na kadiri mihula ilivyokwenda ndivyo pengo lilivyopanuka. Alama zao za mwisho wa muhula zilipanda. Na saa ya mapumziko, watafiti waliokaa pembeni wakiandika nani anafanya nini uwanjani waliona watoto hao wakichangamka zaidi, wakianzisha michezo, wakiongoza. Tafakari maana yake. Tunahangaika na semina za kuwafundisha vijana kujiamini na kuthubutu, nao walinyimwa finyango mbili walipokuwa na miaka saba.

Githeri ya mafuta ilikuwa na nguvu ileile na shibe ileile, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tofauti ni tumbo kujaa. Maziwa yaliwasaidia kimo wale waliokuwa wamedumaa, lakini kwenye michoro ya Raven hayakufua dafu. Damu ilipopimwa, kilichoonekana kupanda waziwazi ni vitamini B12, kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa. Chuma hakikuonyesha mabadiliko ya maana, na watafiti waliyataja malaria na maambukizi mengine kuwa sababu. Nalisema hilo kwa sababu ni sehemu ya matokeo, na kwa sababu linaonyesha kwamba nyama si kidonge cha chuma tu. B12 hiyo haimo kwenye mahindi. Haimo kwenye maharage, mchicha, wala kisamvu, hata uvipike kwa nazi ya aina gani. Inatoka kwa wanyama: nyama, samaki, maziwa, mayai. Bila hiyo damu haiumbwi vizuri na mishipa ya fahamu inaharibika.

Chuma nacho kina mambo yake. Kilichomo kwenye nyama nyekundu, maini na damu, mwili unakichukua kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 35. Kilichomo kwenye maharage na mboga za majani kinachukuliwa kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 10, kwa kuwa nafaka na mikunde ina viambato vinavyokishika kisiachiliwe. Lakini, na hapa ndipo wapishi wa nchi hii wanatakiwa kusikiliza, nyama ikiliwa pamoja na maharage inausaidia mwili kukichukua hata kile chuma cha maharage. Finyango ndogo ndani ya sahani ya mtoto inaiamsha sahani nzima. Ndiyo maana kidogo kwa mtoto kina thamani kuliko kingi kwa mtu mzima, na ndiyo maana mchuzi hautoshi: chuma hicho, na zinki, na protini, vimebaki ndani ya mnofu. Aliyekula mnofu ndiye aliyevipata.

Watoto huzaliwa na akiba ya chuma, na akiba hiyo inaelekea kwisha wanapofikisha miezi sita. Maziwa ya mama, ambayo hayana mfano kwa mambo mengine yote, yana chuma kidogo sana. Ndipo hapo, miezi sita hadi miaka miwili, ubongo unapojengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena, sisi tunaanzisha uji. Costa Rica, mtafiti Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma uchangani hadi walipofika miaka 19. Walikuwa wametibiwa na damu ilikwisha rekebishwa. Kwenye vipimo vya akili bado walikuwa nyuma ya wenzao. Damu ilirudi, kilichopotea kwenye ubongo hakikurudi chote.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumlisha mtoto wa miezi 6 hadi 23, na ndani yake limesema waziwazi kwamba nyama, samaki au mayai viliwe kila siku. Kila siku. Halikusema sikukuu, wala siku mgeni akija.

"Mtoto hana meno." Hilo ndilo jibu ninalopewa na akina mama, na mara nyingi zaidi na bibi zao. Kwani mahindi aliyatafuna? Tuliyasaga. Karanga tulizitwanga. Nyama iliyochemshwa ikalainika inatwangwa kwenye kinu kilekile cha karanga, au inachanwachanwa kwa vidole na kukatwakatwa kwa kisu mpaka iwe kama unga, inakorogwa kwenye uji au kwenye ndizi za kuponda. Maini yanapondeka kwa mgongo wa kijiko. Vijiko viwili vinamtosha. Tunaamka alfajiri kukaanga na kuchanganya nafaka saba za uji wa lishe, tunalipa mashine, tunapepeta, tunapanga kwenye makopo, kisha tunashindwa kutwanga finyango moja? Nafaka saba bado ni nafaka.

Halafu zipo dawa za damu za mtaani. Juisi ya rozela kwa kuwa ni nyekundu. Bitiruti kwa kuwa ni nyekundu. Supu ya mifupa kwa kuwa imechemka usiku kucha. Mjamzito anaambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini, anarudi nyumbani kunywa rangi. Mwenye kuvitegemea vinywaji hivyo viongeze damu anapoteza wiki ambazo hana, vidonge vya kliniki vikiwa vimefungwa kwenye mkoba. Na chai ya rangi juu ya chakula, kikombe kwa kila mlo, inazuia chuma kuchukuliwa. Inywewe saa nzima baadaye. Hili halina gharama hata ya senti moja, na ni nadra kulisikia redioni.

Mnaniambia ni mila. Nazijua. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, na katika nyumba nyingi za Waluhya mwanamke aliyeionja alikuwa ametafuta ugomvi. Kwa Baganda wa zamani mwanamke hakutakiwa kula kuku wala mayai, hata ya kuku aliowafuga mwenyewe. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ipo nyama iitwayo epeme, sehemu nono za mnyama mkubwa, inayoliwa na wanaume waliokwisha kukubaliwa tu, mbali na macho ya wanawake na watoto. Mahali pengi mjamzito alikatazwa mayai asije akazaa mtoto asiye na nywele. Wahadzabe wako mbali na Waluhya na Baganda kwa lugha, kwa asili, kwa namna ya kutafuta riziki, na wote walikubaliana kwamba kinono ni cha mwanamume. Huo ni ubabe, na kuupa jina la mila hakuugeuzi kuwa hekima.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jogoo anachinjwa, mgeni anapewa paja, baba anapewa kidari na firigisi, na mwenyeji aliye dhaifu kuliko wote, yule aliyebebwa mgongoni, anaponea harufu.

Wala msidhani mababu hawakujua. Uchaggani mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani akalishwa yeye kwanza: mtori wa ndizi na nyama, na mlaso wa damu ya ng'ombe uliokorogwa kwa maziwa na mafuta. Pwani, ambako damu hailiwi, mzazi anapikiwa supu ya kuku yenye pilipili manga, anywe na ale minofu yake, na hakuna anayemnyang'anya. Walijua mwili uliomwaga damu unarudishiwa kwa nini. Kwa hiyo tuna mila mbili, ya kumlisha mama na ya kumnyima mama, na sisi wa leo tumeishika ya pili kwa mikono miwili huku ya kwanza tukiiachia wiki chache za uzazi.

Sasa niwageukie wanaume wenzangu. Ijumaa jioni, Arusha, Mwanza, Dodoma, Nairobi, kila penye jiko la kuchomea: wanaume watatu, kilo mbili za mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari, chumvi pembeni ya ubao. Kwa kipimo cha Embu, kilo mbili hizo ni sehemu ya watoto 33. Mezani zinaondoka kabla bia ya pili haijaisha. Sisemi mwanamume asile nyama. Anafanya kazi, ana mwili, na kukaa na wenzake ni haki yake. Nasema kwamba mwanamume aliyekula theluthi mbili za kilo baa, akarudi nyumbani na harufu ya moshi kwenye shati, akakuta wanawe wamelala na ugali wa mboga za majani, huyo hana haki ya kusema maisha ni magumu.

Na nyama hiyo haimjengi. Mwili wake haudai chuma kingi. Ziada inabaki kuwa mzigo. Mwaka 2015 Lyon, Ufaransa, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliwakutanisha wataalamu 22 kutoka nchi 10, wakaiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Ule weusi wa nyama iliyoungua, tunaougombea kwa sababu ndio wenye ladha, unabeba kemikali zinazotokana na moto mkali na moshi wa mafuta yanayodondokea makaa. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani unashauri mtu mzima asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Watu wanaimaliza Ijumaa kabla ya saa tatu usiku. Halafu kidole gumba cha mguu kinavimba, gauti, na mtu anatafuta aliyemroga.

Hapo ndipo anapotajwa Mmasai. "Mbona Wamasai wanakula nyama tu na moyo hauwasumbui?" Daktari wa Marekani George Mann alikuja Tanganyika kuwapima wanaume wa Kimasai, akachapisha matokeo yake mwaka 1964: kweli, kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu. Lakini chakula chao kikuu kilikuwa maziwa. Nyama ilikuja kwa vipindi. Mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki, akakuta mafuta yamejijenga kwenye mishipa yao kama kwa Wamarekani wazee, isipokuwa mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na yeye akaihusisha na kutembea kwao kusikokoma. Basi mwenye kumtolea mfano Mmasai na aanze kwa kufuata ng'ombe kwa miguu kutwa. Bodaboda kutoka baa haihesabiki.

Mjini kuna kosa la upande wa pili, na linafanywa na wazazi wanaojitahidi. Mtoto anawekewa soseji kwenye kikopo cha shule kila asubuhi, Nairobi anauziwa smokie njiani, na mama anaamini mtoto amekula nyama. Wataalamu walewale wa 2015 waliiweka nyama iliyosindikwa, soseji, bekoni, na jamii yake, kwenye kundi la kwanza, la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba vinasababisha saratani. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku zinaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kuwa kundi moja na sigara hakumaanishi hatari yake ni kubwa sawa na sigara. Kunamaanisha ushahidi wake umethibitika. Soseji moja kwenye sherehe haiui mtoto. Soseji ya kila siku badala ya yai la kuchemsha ni upotevu wa fedha na wa mwili, kwa kuwa yai ni bora na bei yake ni ndogo.

Wapo pia wanaotutumia maonyo kwenye simu: acheni nyama nyekundu, nyama ni sumu, dunia inaacha nyama. Dunia ipi? Onyo lililoandikwa kwa mtu anayekula nyama asubuhi, mchana na jioni linasomwa na mama wa Singida ambaye mwanawe hajaionja mwezi mzima, naye anaona amefanya vyema kumnyima. Hata tume ya EAT-Lancet ya 2019, iliyopendekeza nyama nyekundu iwe gramu 14 tu kwa siku kwa mtu mzima na ikalaumiwa na wafugaji wa dunia nzima, ilikiri kwamba watoto wanaokua kwenye nchi kama zetu mara nyingi hawapati virutubisho vya kutosha kwa mimea pekee. Kuna familia za Kihindi Dar es Salaam na Wasabato wengi ambao hawali nyama na watoto wao wana afya, kwa sababu maziwa, jibini, mtindi au mayai viko mezani kila siku, na dengu zinaandaliwa kwa maarifa. Sina ugomvi nao. Nina ugomvi na anayemtoa mtoto nyama na kumwachia ugali.

Gharama? Naikubali hoja hiyo nusu. Kilo ya steki imewapita wengi. Lakini maini hununuliwa robo, na robo ya maini, gramu 250, ni sehemu nne za mtoto wa shule. Bandama na moyo watu wanaviacha buchani wakisema ni vya maskini, ilhali kwa chuma bandama inaishinda steki. Mjamzito asizidishe maini, kwa kuwa vitamini A ikipita kiasi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mnofu, figo na samaki vinamfaa bila hofu hiyo. Na dagaa! Dagaa wa Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa wanaliwa wazima wazima, kichwa na mifupa, pamoja na chuma chao, zinki, kalisi na B12. Fungu moja linasagwa likawa unga wa wiki nzima wa kuongezea mboga ya mtoto. Sehemu kubwa ya dagaa wa Victoria inapelekwa viwandani kutengeneza chakula cha kuku na mifugo mingine. Tunamlisha kuku dagaa ili anenepe, akinenepa analiwa na mgeni na baba, na mtoto wa mvuvi ana upungufu wa damu Ukerewe. Hili ni la aibu, na serikali zinaweza kulirekebisha kwa vichanja bora vya kukaushia dagaa wasichanganyike na mchanga, wafae kuliwa na watu na wapate bei ya watu.

Shuleni ndiko ambako ningeanzia kesho kama ningekuwa na amri. Wazazi wanachangishwa mahindi na maharage, makande yanapikwa, na hilo ni jema kuliko njaa. Lakini Embu ilitwambia makande matupu yanaishia wapi na makande yenye nyama yanafika wapi. Shule ya watoto 400 kwa gramu 60 inahitaji kilo 24. Kila siku haiwezekani, nakubali. Mara mbili kwa wiki ni kilo 48, na siku zinazobaki unga wa dagaa. Kwenye wilaya za wafugaji, ambako halmashauri inakusanya ushuru wa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani, sehemu ya ushuru huo irudi kwenye sufuria ya shule ikiwa nyama, kwa sheria ndogo ambayo madiwani wanaweza kuianzisha. Ng'ombe wetu wa asili akichinjwa hutoa nyama ya kilo mia na ushei. Wafugaji wanaosomesha watoto hapo hawatakosa wa kuchangia ng'ombe kwa muhula, wakiombwa kwa heshima na wakaoneshwa mnyama wao amekwenda wapi. Kwa shule za mwambao wa ziwa na bahari, iwe gunia la dagaa.

Kamati za shule zinakutana kabla muhula haujafunguliwa, na ajenda ya chakula huwa ni madebe mangapi ya mahindi. Mzazi mmoja tu asimame aulize ni kilo ngapi za nyama au dagaa, na asikae mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari. Na usiku wa siku hiyohiyo, nyumbani kwake, aushike upawa yeye mwenyewe na aanze kupakua kwa mdogo.